Kadi ipige hodi kwanza: jinsi ya kubuni bodi inayochomekwa mashine ikiwa inawaka

Swali lililonifikia, kwa kifupi, ni hili: "Shkamoo mtaalamu. Mimi fundi wa elektroniki niko Mwanza, nimetengeneza boksi la kusimamia pampu za maji, lina nafasi za kadi sita. Ubao wa nyuma unagawa 12V kwa kadi zote pamoja na laini za data za I2C na SPI, konekta ni zile za kawaida, pini zote urefu mmoja. Kila kadi ina kapasita tatu za mikrofaradi 470 kwenye mlango wa umeme na inakula kama ampea 3, riseti inakata volti zikishuka chini ya 10. Kadi mbili zikiwa kazini nikichomeka ya tatu zote zinariset, na kadi mbili zimeshakufa kabisa. Nimeweka fyuzi kila kadi, nimeweka NTC (rezista ambayo ukinzani wake unashuka ikipata moto) pale umeme unapoingia kwenye boksi, bado. Nikizima boksi lote kadi inaingia salama lakini pampu zote zinasimama. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, karibu. Swali lako limenikaa kichwani siku mbili maana hapo kuna matatizo matatu yanaonekana kama moja, na watu wengi wakiona boksi linariset wanakimbilia pawasaplai, wanatoa ya ampea 20 wanaweka ya 40, alafu linariset vile vile. Hii kazi ya kuchomeka na kuchomoa kadi mashine ikiwa inawaka, ambayo wenyewe wanaiita hoti-swapu, kiini chake ni adabu ya kuingia. Kadi inatakiwa ifanye kama mgeni kwetu huku, apige hodi, asubiri karibu, ndo aingie, na aingie taratibu. Kadi yako inaingia kwa kuvunja mlango.

Tuanze na riseti. Kapasita isiyo na chaji, pale tu inapoguswa na umeme, ni shoti, haina tofauti na waya mtupu. Kadi yako inayoingia ina mikrofaradi 1410 zikiwa sifuri, na kadi mbili zilizopo kazini zina 2820 zimejaa 12V. Pawasaplai ipo mwisho wa waya, na waya una indaktansi yake kwaiyo hauwezi kuleta mkondo mkubwa ghafla, na ile NTC yako imekaa hapo hapo njiani inauchelewesha zaidi. Sasa nani analipa? Majirani. Chaji inatoka kwenye kapasita za zile kadi mbili inamiminika kwenye hii mpya mpaka zilingane, piga hesabu mwenyewe, 12 mara 2820 gawa kwa 4230, unapata 8V. Riseti yako inakata chini ya 10. Umeona? Pawasaplai haijahusika kabisa, hata uweke ya ampea 100. Na mkondo wenyewe, tuseme kila kapasita ina ukinzani wa ndani miliomu 60, jumlisha na konekta na shaba njia nzima inakuja kama miliomu 50, basi kwa hesabu ya karatasi ni zaidi ya ampea 200, kwa makumi ya mikrosekunde, unapita kwenye pini ndogo ya ampea 3. Indaktansi itaupunguza kidogo lakini ile cheche unayoiona ndo hiyo, na kila cheche inachimba dhahabu ya pini mpaka siku konekta inaanza kukataa yenyewe. Fyuzi haioni kitu maana fyuzi inakatwa na joto na joto halijapata muda.

NTC ingekuwa kwenye kila kadi ingesaidia mara ya kwanza tu, ikiwa baridi. Ikishapata moto ukinzani wake unashuka karibu na sifuri, sasa fundi akichomoa kadi akairudisha baada ya sekunde tano, ni kama haipo. Na fundi akiwa saiti anatafuta tatizo ndicho anachofanya, anachomoa anarudisha, anachomoa anarudisha. Toa hiyo NTC.

Dawa yake ni mosfeti (swichi ya silikoni inayoongozwa kwa mguu unaoitwa geti) kwenye kila kadi, imekaa kati ya konekta na zile kapasita, ikiongozwa na chipu ya kontrola ya hoti-swapu. Zipo nyingi, kwa mfano LM5069 ya Texas Instruments inafanya kazi kuanzia 9V mpaka 80V. Kadi ikiingia mosfeti imefunga, kapasita hazioni kitu, alafu kontrola inaifungua pole pole ili volti za upande wa ndani zipande kama mteremko. Kanuni ni moja tu, mkondo sawa na kapasita mara kasi ya volti kupanda. Tuseme unataka isizidi ampea 1 kwa mikrofaradi 1410, basi volti zipande kama 0.7V kila milisekunde, 12V zinajaa kwa milisekunde 17 au 18. Kontrola yako kama inasukuma mikroampea 10 kwenye geti (angalia datashiti, kila chipu na yake) basi unaweka kapasita ya nanofaradi 15 kutoka geti kwenda graundi, ndo inayoweka huo mteremko. Weka na rezista ya 1k kwa mfululizo na hiyo kapasita ili isicheleweshe kuzima, na ya omu 10 karibu kabisa na mguu wa geti mosfeti isije ikaanza kutetemeka.

Sasa hapa ndo watu wanachoma mosfeti na hawajui kwa nini. Wakati kapasita zinajaa, mosfeti inakula nishati sawa na ile inayoingia kwenye kapasita, huwezi kuikwepa hata ufanye haraka au pole. Kwako ni nusu mara 1410 mara 144, kama jouli 0.1, na mwanzoni kabisa mosfeti ina 12V zote juu yake na karibu ampea 1 inapita, wati 11 hivi, inashuka taratibu mpaka sifuri. Usichague mosfeti kwa kuangalia ampea 100 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa ukurasa wa kwanza, hiyo ni ikiwa imefunguka kabisa. Nenda kwenye grafu ya eneo salama la kazi, tafuta mstari wa milisekunde 10 na ule wa umeme wa kudumu, soma kwenye 12V, uone inaruhusu ampea ngapi, alafu punguza tena kwa sababu grafu imechorwa kwa nyuzi 25 na boksi lako lipo juani kando ya ziwa. Mosfeti za kisasa zenye ukinzani mdogo sana nyingi ni dhaifu kwenye hali hii ya nusu-wazi, sehemu moja ya silikoni inapata moto, inavuta mkondo mwingi zaidi, inazidi kupata moto, mpaka inatoboka. Nimeshaona mosfeti ya zamani kidogo, mnene, ya bei ndogo, inadumu pale ambapo mpya ya gharama inakufa siku ya kwanza.

Na kitu cha lazima, regyuleta yako ya kushusha 12 kwenda 5 isiwake wakati kapasita bado zinajaa. Ikiwaka katikati inavuta mkondo wake juu ya ule wa kujaza, mteremko unakwama na mosfeti inabaki nusu-wazi inaungua. Kontrola ina mguu wa kusema umeme uko tayari, unganisha huo na mguu wa ruhusa wa regyuleta, basi.

Kwenye ulinzi wa shoti, kontrola nyingi zinapima volti kwenye rezista ndogo na zinakata ikifika kama milivolti 50, ile LM5069 ni 55. Kadi yako ya ampea 3 iwekee miliomu 10, itakata kwenye ampea 5 hivi. Hapo kuna faida nzuri ya ule mteremko, mkondo wa kujaza ni ampea 1 tu, haufiki hata karibu na 5, kwaiyo taima ya hitilafu unaweza kuiweka fupi, milisekunde moja. Maana ikitokea shoti kweli mosfeti itabeba 12V mara ampea 5, wati 60, na hizo wati 60 unataka ziwe za milisekunde moja sio ishirini. Ikishakata ibaki imekata mpaka kadi itolewe. Zipo kontrola zinazojaribu tena na tena zenyewe, mimi sizipendi kwenye kadi zinazochomekwa na mkono, kadi ina shoti tayari, unataka iendelee kupasha moto bodi wakati fundi kaenda kula?

Zile waya mbili za kupima kwenye rezista zianzie kwenye pedi zake zenyewe, ndani kwa ndani, zisichukue popote kwenye njia ya mkondo. Shaba ya kawaida ya unene wa mikromita 35 ina kama miliomu 0.5 kwa kila mraba, ukikosea miraba minne tu umeongeza miliomu 2 juu ya 10, kipimo chako kimepotoka asilimia 20 na kadi inakata bila sababu mchana wa joto.

Alafu kabla ya mosfeti usiweke kapasita kubwa, hasa zile za seramiki. Najua mkono unawasha kuweka, tumefundishwa kila mlango wa umeme uwe na kapasita, lakini hapa seramiki yenye ukinzani mdogo pamoja na indaktansi ya njia zinatetemeka kama kengele iliyogongwa, volti zinaruka mpaka karibu mara mbili, 12 inakuwa 24 kwa muda mfupi na hiyo inatosha kuua chipu ya 20V. Nadhani moja ya kadi zako ilikufa hivyo japo sina ushahidi. Weka rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 kwa mfululizo, na TVS (dayodi ya kubana volti zikiruka) pembeni ya konekta. TVS inahitajika pia kwa sababu mosfeti ikikata shoti ghafla ule mkondo uliokuwa kwenye waya hauna pa kwenda, unapandisha volti. Ila soma vizuri, SMBJ15A imeandikwa 15V lakini ikibanwa mpaka mwisho inaacha hadi 24.4V zipite, kwaiyo kontrola na mosfeti zako zivumilie zaidi ya hapo. Mosfeti ya 30V ndo kima cha chini, mimi ningeweka 40.

Sasa kadi kufa. Hapa namshuku yule wa pini za urefu mmoja. Mkono wa binadamu hauchomeki kadi ikiwa imenyooka, upande mmoja unatangulia, leo wa juu kesho wa chini. Siku 12V na laini ya I2C zikigusa kabla ya graundi, ule mkondo wote wa kujaza kapasita unatafuta njia ya kurudi, na njia pekee iliyopo ni kupitia miguu ya data ya maikrokontrola, kwenye vile vidayodi vidogo vya ndani. Vinaungua hapo hapo. Au chipu inajifunga shoti ndani kwa ndani na inabaki hivyo mpaka umeme ukatwe, unaigusa unakuta inachoma kidole.

Ndo maana mifumo yote ya maana inatumia pini za urefu tofauti. Angalia plagi ya USB ile pana ya zamani, pini mbili za pembeni za umeme ni ndefu kuliko mbili za katikati za data. Konekta ya umeme ya diski, SATA yenye pini 15, graundi zinagusa kwanza na zipo nyingine zimetangulizwa za kujaza kapasita taratibu. CompactPCI, mfumo wa kadi za kompyuta za viwandani, ina ngazi tatu za pini na ile fupi kuliko zote ndo inasema kadi imefika mwisho. PCI Express, ya kadi za kompyuta za kawaida, inaweka pini ya kujulisha ipo upande huu na upande ule wa konekta, fupi, ili kadi iliyoingia mshazari isihesabiwe imeingia.

Wewe huna haja ya konekta ya bei mbaya. Tumia makali ya bodi yenyewe, vidole vya dhahabu, unavichora kwa urefu tofauti: graundi mbele kabisa, 12V nyuma yake milimita 1.5, data nyuma tena, na kidole kifupi kila mwisho. Waambie kiwanda wakupigie dhahabu ngumu, ile nyembamba ya kawaida inakwanguka baada ya kuchomeka mara chache. Pini fupi ndo hodi yenyewe, na ziwe mbili kwa mfululizo: chukua 12V kwenye kadi, itoke kwa kidole kifupi cha juu, iruke kwenye ubao wa nyuma, irudi kwa kidole kifupi cha chini, ndo iende kwenye mguu wa ruhusa wa kontrola. Upande mmoja ukiwa haujakaa, hakuna ruhusa.

Tofauti ya milimita 1.5, mkono ukisukuma kwa mita 0.3 kwa sekunde, ni milisekunde 5 tu. Zinatosha kupanga nani anagusa kwanza, hazitoshi kutulia, maana pini zinadunda-dunda na kadi bado inasukumwa. Kwaiyo baada ya hodi subiri milisekunde 100 mpaka 200. Lakini angalia sana hapa, watu wanaweka rezista na kapasita kwa ajili ya kuchelewesha na hiyo inachelewesha pande zote mbili, ukichomoa mosfeti inaendelea kuwaka milisekunde 100 wakati pini za umeme zinaachana baada ya 5, unapata cheche ile ile uliyokuwa unaikimbia. Kuwaka kuchelewe, kuzima kusichelewe. Njia rahisi ni chipu ya superviza, zile zile za kuriset prosesa, umeme ukirudi inasubiri, ukikatika inaangusha mara moja.

Laini za data nazo zinataka adabu yake. Kadi ambayo haina umeme ikiguswa na I2C ya 3.3V, kwenye chipu nyingi vidayodi vya ndani vinavuta laini chini mpaka kama 0.6V, na kadi zote sita zinakuwa mabubu. Weka bafa (chipu ya kati inayopitisha data) iliyotengenezwa kwa kazi hii, TCA4311A au PCA9511A, hizi zinaipandisha laini ya kadi mpaka 1V kabla ya kuungana ili zikikutana kusiwe na mshtuko mkubwa, alafu zinasubiri mazungumzo yaliyopo kwenye laini yaishe ndo zinajiunga. Hiyo ya kusubiri ni muhimu mno, bila hiyo kadi inaingilia katikati ya neno na namba inayofika kwenye pampu si ile iliyotumwa. Kwa SPI tumia bafa za familia ya 74LVC ambazo zikikosa umeme zinajitoa zenyewe kwenye laini, na mguu wa ruhusa wake uvutwe juu na rezista kwenda kwenye umeme wa hiyo bafa, ifungue tu maikrokontrola ikishaamka na kusema niko sawa. Laini za kuchagua kadi zivutwe juu kwenye ubao wa nyuma, sio kwenye kadi.

Na kuondoka kuna kuaga. Kwenye CompactPCI ukilegeza mkono wa kadi kuna swichi ndogo inajulisha mfumo, programu inamaliza kazi, inafunga, alafu taa ya bluu inawaka kwamba ruksa kutoka. ATCA, mfumo wa kadi wa mitambo ya mawasiliano unaotembea kwenye -48V, wanafanya vile vile. Wewe weka kitufe tu na taa ya bluu: fundi anabonyeza, kadi inamaliza kuandika kwenye kumbukumbu, inakabidhi pampu kwa kadi nyingine au inaiacha kwenye hali salama, inazima mosfeti yake, taa inawaka. Atakuwepo atakayechomoa bila kuaga, kwaiyo pini fupi inabaki ndo mlinzi wa mwisho, ila data iliyokuwa katikati ya kuandikwa itapotea na lazima programu yako ijue hilo. Weka pia rezista ya 1k ya kumaliza chaji ya zile kapasita, sekunde saba hivi zimeisha, vinginevyo fundi anairudisha kadi ikiwa na umeme nusu na maikrokontrola inaamka ikiwa imechanganyikiwa.

Umeme wa mwilini usiudharau, hasa mkiwa na mpango wa kupeleka mabokso sehemu kavu kama Dodoma. Reli za kuongozea kadi, ukanda wa shaba chini ya kadi unaogusa reli kabla konekta haijafika, na uende kwenye chasisi kupitia rezista ya kama megaomu moja ili ujimwage taratibu.

Ukimaliza usijaribu mara tatu ukasema iko poa. Niliwahi kupeleka kadi saiti nikiwa nimeichomeka mara kumi mezani bila shida, ya kumi na moja fundi wa kule akaichomeka taratibu sana kwa sababu anaogopa, kumbe kwenye mwendo wa pole pini zinadunda muda mrefu kuliko nilivyoweka, ikazima saiti nzima usiku. Weka skopu (kifaa cha kuchora volti kwenye skrini) kwenye 12V ya ubao wa nyuma, iwekee mtego wa kushika mshuko wowote chini ya 11.5V, alafu chomeka mara mia: haraka, pole pole, mshazari juu, mshazari chini, ukiitikisa, ukiitoa katikati kabla haijafika. Chomeka kadi uliyoipiga shoti makusudi upande wa ndani, majirani wasihisi kitu na mosfeti isife. Rudia bodi ikiwa ya moto. Wakati wote huo kadi nyingine ziwe zinaongea kwenye I2C na kompyuta inahesabu makosa.

Fanya kadi mbili kwanza na ubao wa nyuma wa mezani wenye nafasi tatu, pampu ziache na boksi la zamani kwa sasa, na ukitaka kuchomeka kadi nyingine humo zima boksi lote kwanza, usiku wakati matumizi ya maji yako chini. Picha ya skopu ya geti na ya 12V pale kadi ya tatu inapoingia, nitumie hizo mbili kabla hujaagiza bodi za jumla, nitaziangalia nikuambie mteremko umekaaje.